Zaka, sadaka na engozi: hiari inaanzia wapi?

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya juma moja. Hapa Kisenyi, Kampala, nina marafiki wawili wanaouza nafaka katika duka moja, mmoja Mwislamu wa hapa hapa, mwenzake Mkatoliki aliyetoka Bunia, mashariki mwa Kongo. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, kwa sababu huyu wa Bunia Kiganda chake ni cha kuombea maji, na yule mwenyeji hajui hata neno moja la Kifaransa. Siku moja ya Machi nilikwenda kununua mchele nikawakuta wanabishana, kwa sauti ya watu wanaopendana. Kila mmoja alikuwa ametenga zaka yake. Yule wa Bunia alishangaa: "Hajji, katika mia umempa Mungu mbili na nusu tu?" Naye Hajji akamrudishia: "Na wewe ndugu yangu, wanatoza hata mshahara ambao umeshaula?"

Niliweka kikapu chini nikasikiliza. Walikuwa wameshika neno moja lenye mambo mawili ndani yake, na kila mmoja alimpima mwenzake kwa kipimo cha kwao. Tangu siku ile nimegundua kwamba ugomvi mwingi juu ya kutoa, msikitini na kanisani, unatokana na jambo hilo. Majina ni machache na vitu ni vingi. Zaka, sadaka, fungu la kumi, fitri, wakfu, mchango, ahadi, kazi ya mikono: tunavitaja kwa pumzi moja kama vile ni kitu kimoja, kisha tunashangaa kwa nini watu wanaona wanakamuliwa.

Tuanze na Hajji. Zaka ya Kiislamu ni nguzo ya dini, kwa hiyo ni wajibu, na hesabu yake inajulikana. Haigusi kila shilingi inayoingia mfukoni. Huangalia mali iliyokaa: fedha taslimu, dhahabu, bidhaa za dukani. Mali hiyo ikifikia kiwango kinachoitwa nisabu, ambacho wengi hukipima kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mwaka mzima wa mwezi mwandamo ukapita, mwenyewe hutoa asilimia 2.5. Asiyefikia nisabu hadaiwi kitu. Yeye huenda ndiye anayestahili kupewa. Mazao yana hesabu nyingine: yaliyokuzwa kwa mvua hutolewa moja ya kumi, na yaliyomwagiliwa kwa gharama ya mkulima hutolewa nusu ya hapo. Kwa hiyo Mwislamu wa Busoga anayelima mahindi kwa mvua hutoa asilimia 10 ya mavuno, sawasawa na fungu la kumi la jirani yake Mkristo. Nilipomweleza hivyo rafiki yangu wa Bunia alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Na kuna jambo ambalo hata Waislamu wengi hulisahau. Kurani imetaja makundi manane ya wanaopokea zaka, wakiwamo mafukara, maskini, wenye madeni na msafiri aliyekwama. Wanazuoni wengi wanasema ujenzi wa msikiti haumo. Bati la msikiti, basi, linatafutwa kwa njia nyingine, yaani sadaka ya hiari na wakfu. Fitri nayo ina njia yake: kipimo cha chakula kinacholiwa mahali pale, yapata kilo mbili na nusu hadi tatu, kwa kila mtu wa nyumbani hata mtoto mchanga, kitolewe kabla ya swala ya Idi ili maskini naye ale sikukuu. Hapa kwetu ni mchele au unga wa mahindi, tunaouita posho.

Zaka ya rafiki yangu Mkatoliki ni nyingine. Biblia ya Kiswahili ilichukua neno lile lile la Kiarabu kutafsiri fungu la kumi la Waisraeli, ambalo liliwalisha Walawi wasio na ardhi, na kila mwaka wa tatu likawekwa akiba kwa ajili ya mgeni, yatima na mjane. Makanisa ya Kipentekoste hapa Uganda hulifundisha fungu la kumi kwa nguvu, kwamba ni asilimia 10 ya mapato. Sheria ya Kanisa Katoliki inasema waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa lao, na haikutaja asilimia. Fedha hiyo huenda kwenye posho ya padri, umeme, jimbo, paa. Kwa hiyo zaka ya huyu inaweza kuezeka kanisa, na zaka ya yule haiezeki msikiti. Duka moja, neno moja, njia mbili.

Sadaka nayo imegawanyika. Kanisani ni ile ya kapu la Jumapili. Kwa Waislamu ni pana mno: hata kuondoa kitu chenye kudhuru njiani ni sadaka, na ni ya mtu yeyote, mwenye mali na asiye nayo. Nitarudi kwenye hiyo njia, maana Uganda ina historia ndefu ya watu kusafisha njia pamoja.

Je, zaka ikatwe kwenye mshahara?

Mwaka 2019 marehemu Cyprian Kizito Lwanga, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kampala, alisema hadharani kwamba angependa serikali iwakate Wakatoliki zaka kwenye mshahara na kuipeleka kwa Kanisa, kama alivyosikia inafanyika Ujerumani. Hoja yake ilikuwa kwamba watu hutoa kile walicho nacho mfukoni wakati huo, si moja ya kumi. Nchi nzima ilizungumza. Kwenye teksi, kwenye saluni, kwenye redio, kila mtu alikuwa na neno. Serikali haikukata kitu.

Ninamheshimu Askofu Mkuu, na hoja yake haikuwa ya uchoyo. Mtu mwenye jimbo lenye shule, zahanati na mapadri wazee anajua bei ya mambo kuliko sisi tunaotia noti ya elfu moja kwenye kapu. Ila mfano wa Ujerumani unahitaji kufunguliwa. Kodi ya kanisa ya huko ni asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato, wala si ya mapato yenyewe, kwa hiyo ni ndogo kuliko fungu la kumi. Na asiyetaka kulipa anaweza kwenda ofisini akaandikisha kwamba amejitoa kanisani. Mwaka 2012 maaskofu wa huko walitangaza kwamba aliyejitoa hivyo hawezi kupokea sakramenti. Mlango upo, lakini ukiutumia umetoka nje ya nyumba nzima.

Hapo ndipo fundo lilipo. Wengi hudhani kutoa kwa hiari maana yake hakuna aliyekuomba. Sivyo. Katika dini zote ninazozijua, watu huombwa, huhimizwa, hukumbushwa, na hakuna ubaya. Mtoto wako pia unamwomba akachote maji. Mimi ninaitambua hiari kwa jambo lingine: mtu akikosa, au akisema mwezi huu sina, anabaki mwenzetu? Tutamtembelea akiugua? Tutamzika?

Sisemi haya kwa nadharia. Nimesimama kwenye msiba ambao kiongozi wa kanisa fulani, sitalitaja, alikataa kuja kwa sababu marehemu alikuwa na deni la mchango wa ujenzi. Mzee yule alikuwa mgonjwa kwa miaka miwili. Tulimzika kwa sala ya jirani mmoja aliyekuwa na kitabu cha nyimbo. Mjane hakulia kwa ajili ya kifo siku ile. Alilia kwa sababu daftari lilisomwa.

Waganda walikuwa na njia yao ya kutoa kabla ya dini zote mbili kufika. Wanaiita bulungi bwansi, wema wa nchi. Ngoma ilipigwa kwa mdundo unaotamka sagala agalamidde, yaani sitaki mtu aliyejilaza, na kila nyumba ikatoka na jembe au panga: kufyeka barabara, kusafisha chemchemi, kutengeneza daraja la magogo. Hata leo Buganda huadhimisha siku ya bulungi bwansi kila tarehe 8 Oktoba. Mwislamu wa Butambala anayefyeka njia siku hiyo anatoa sadaka kwa maana kamili ya dini yake, na sidhani kama kuna anayehitaji kumweleza.

Kisha wakoloni wakaja na kazi zao. Palikuwa na luwalo, kazi ya barabara bila malipo chini ya machifu, na juu yake kasanvu, ambapo mtu alichukuliwa kwa nguvu kufanyia serikali kazi kwa ujira mdogo. Kasanvu ilichukiwa sana hadi ikafutwa mwaka 1922. Miaka hiyo hiyo watu walikuwa wakijenga makanisa yao makubwa. Kanisa kuu la Waanglikana kwenye kilima cha Namirembe, hapa Kampala, lile la mwaka 1904, lilipigwa na radi likaungua mwaka 1910. Waumini wakaanza jipya mwaka 1915 na likawekwa wakfu mwaka 1919. Rubaga, kilima cha pili, Wakatoliki walianza lao mwaka 1914 na wakalimaliza 1925. Matofali yalipanda milima ile juu ya vichwa vya watu. Kwa mpita njia, foleni ya matofali ya Namirembe na foleni ya kasanvu zilifanana: watu, jasho, mzigo, kilima.

Sisemi kanisani hapakuwa na msukumo. Machifu waliosimamia luwalo ndio hao hao waliokaa viti vya mbele siku ya Bwana, na sidhani kila aliyebeba tofali alilibeba kwa moyo mweupe. Lakini Namirembe ina tofauti moja unayoweza kuigusa kwa mkono: mbebaji aliingia ndani ya alichokijenga. Watoto wake walibatizwa humo. Aliyefyeka barabara ya kasanvu aliona gari la mtu mwingine likipita.

Mbeleko ya mgonjwa

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kusini magharibi, Kigezi na Ankole. Huko milima imesimama wima na barabara nyingi haziingizi gari. Mtu akizidiwa usiku, mama mjamzito akishikwa na uchungu, atafikaje hospitali? Watu wa huko walijipanga katika vyama vya engozi. Neno engozi ni kile ambacho mama humbebea mtoto mgongoni, mbeleko kwetu sisi, na pia ni machela. Mgonjwa hubebwa kama mtoto.

Kila nyumba katika kijiji ni mwanachama. Taarifa ikitolewa, wanaume hutoka na machela ya miti iliyosukwa, wanne wakiwa chini ya mzigo, wengine wakitembea kando tayari kupokezana bila kumtua mgonjwa. Kwenye mteremko wa matope wa mbele huinua mabega na wa nyuma huinama, ili kichwa cha mgonjwa kisiwe chini ya miguu yake. Wanawake hufuata na chakula, maana hospitalini atahitaji mtu wa kumpikia. Akifa, watu hao hao humrudisha na kumzika. Asiyetoka bila sababu hutozwa faini.

Nilipoisikia hiyo faini mara ya kwanza nilikwazika kidogo. Kama kuna faini, hiari iko wapi? Mzee mmoja wa Rukungiri alinijibu kwa swali: "Wewe ukiugua usiku wa mvua, unataka waje wanaojisikia?" Nikanyamaza. Faini ile imewekwa na wabebaji wenyewe, wakijua kila mmoja atakuwa juu ya machela siku yake. Wameshikana kwa ahadi, na ahadi mtu huingia kwa hiari yake halafu akafungwa nayo, kama ndoa.

Vyama hivi si vya dhehebu moja, ingawa huko tangazo la engozi hutolewa baada ya ibada na machela huenda ikalazwa nyuma ya kanisa. Kisha kukatokea jambo zuri. Kisiizi kuna hospitali ya Kanisa la Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1958 ndani ya kiwanda cha kitani kilichoachwa kando ya maporomoko ya maji. Kama hospitali zote za misheni, ilikuwa na tatizo la wagonjwa wasioweza kulipa. Mwaka 1996 ikaanzisha bima ya afya, na badala ya kusajili mtu mmoja mmoja ikaenda kwenye vyama vya engozi.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndipo penye akili ya mpango huo. Ukimwacha kila mtu ajiunge peke yake, anayekuja ni yule anayejua ataugua: mjamzito, mwenye kisukari, mzee. Wazima watangoja. Mfuko utalipia wagonjwa peke yao na utakauka mapema. Lakini kijiji kikijiunga kama kijiji, wazima wamo ndani tangu mwanzo, na ada ya kila nyumba inakuwa ndogo. Bima za kampuni kubwa mjini huajiri wataalamu wa hesabu kutatua jambo hilo. Kule milimani lilikuwa limekwisha kutatuliwa na watu waliozoea kubebana: yule mwenye nguvu leo hulipa kwa bega, na sasa kwa shilingi pia, kwa sababu anajua mzunguko utamfikia.

Sasa lazima niandike juu ya jambo zito, na ningefurahi kuliruka kama ingewezekana. Kanungu, mwaka 2000, ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Rukungiri, wilaya ile ile ya Kisiizi. Milima ni ile ile, watu ni wale wale wa engozi. Huko lilikuwapo kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu. Waumini wake waliuza mashamba, ng'ombe na vyombo vya nyumbani wakakabidhi fedha kwa viongozi. Waliishi pamoja, walilima pamoja, walikula kidogo, na waliambiwa wasizungumze isipokuwa kwa ishara. Tarehe 17 Machi 2000 jengo lao la ibada liliteketea na mamia ya watu ndani. Baadaye miili mingine mingi ikafukuliwa kwenye nyumba nyingine za kundi hilo.

Ukiwaorodhesha kwa nje tu, watu wa Kanungu walikuwa wakarimu kuliko sisi sote. Walitoa kila kitu. Walihudumiana kila siku. Ndiyo maana siwezi kukubali msemo wa wahubiri wengine kwamba kadiri unavyotoa zaidi ndivyo imani yako ilivyo kubwa zaidi. Kiasi hakikwambii lolote. Angalia vitu vingine. Katika chama cha engozi kila mtu anajua machela iko wapi, nani mweka hazina, na faini ya juzi ilinunua nini. Kanungu hapakuwa na wa kuuliza, kwa sababu kuuliza kunahitaji mdomo. Mbebaji wa Kisiizi akichoka na chama anaweza kuhamia kwa shemeji yake kijiji cha pili, shamba lake likiwa bado lake. Aliyeuza kila kitu na kukabidhi bei yake hana pa kurudi.

Mtu ataniuliza, na masista je? Wao hutoa kila kitu vilevile. Ni swali la haki. Shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko lilianzishwa Nkokonjeru mwaka 1923 na Mama Kevin, Mfransisko kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1903, na kazi yao shuleni na hospitalini inajulikana hata kwa wasio Wakatoliki. Sista huweka nadhiri ya ufukara. Ila sheria ya Kanisa inamkataza kuruka. Lazima apite unovisi usiopungua mwaka mmoja, kisha nadhiri za muda zisizopungua miaka mitatu, kabla ya zile za daima. Akiwa novisi anaweza kufunga mzigo wake akaenda zake siku yoyote, na nadhiri za muda zikiisha anaweza kuondoka vilevile, na kuna walioenda, nao ni mama zetu na walimu wetu. Kanisa limejifunza, kwa karne nyingi, kwamba anayetaka kutoa maisha yake yote ndiye anayepaswa kucheleweshwa.

Juu ya wakfu nitasema machache. Kilima cha Kibuli ni mfano unaoonekana na kila anayepita barabara ya Gaba au Mukwano. Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake kwa ajili ya Waislamu, na msikiti uliosimama pale ulianza kujengwa mwaka 1941, ukafunguliwa mwaka 1951. Pembeni yake zikasimama shule na hospitali. Mali ya wakfu ikishatolewa haiuzwi wala hairithiwi. Kinacholiwa ni matunda yake. Ndiyo maana mabishano juu ya kuuzwa kwa mali za Waislamu yaliumiza sana na yakachangia mpasuko wa Old Kampala na Kibuli, pande mbili za uongozi wa Waislamu wa Uganda. Kuuza ardhi iliyotolewa hivyo ni kumnyang'anya marehemu sadaka yake inayoendelea.

Kutangaza au kuficha

Limebaki swali la majina. Je, ni sawa kusoma hadharani nani ametoa nini?

Wabahai wamelijibu kwa ukali ninaouheshimu. Hekalu lao liko Kikaaya, nje kidogo ya jiji, lenye pande tisa na bustani pana. Lilifunguliwa mwaka 1961, la kwanza la dini hiyo barani Afrika. Hawapokei hata senti kutoka kwa asiye Mbahai kwa ajili ya dini yao. Ukienda kama mgeni ukitaka kuacha sadaka utashukuriwa, na noti yako utarudi nayo nyumbani. Na miongoni mwao wenyewe mchango ni siri, na ni mwiko kumfuata mtu mmoja na kumshinikiza. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Kurani inasema kutoa sadaka kwa wazi ni vyema, na kumpa fukara kwa siri ni bora zaidi.

Kwa muda mrefu nilikuwa upande huo kabisa. Bahasha zenye majina, ubao wa waliotimiza ahadi, mchungaji anayeita "wa milioni moja wasimame", vyote vilinichosha. Aliyebaki kitini ndiye anayeumia, na mara nyingi ndiye aliyetoa zaidi kwa kadiri ya alichonacho. Bado sipendi vitu hivyo. Lakini nilikwenda Nakivale, na Nakivale ilinifundisha kutotupa yote.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakongomani ni wengi, na Kiswahili chao ndicho lugha ya soko na ya ibada. Nilialikwa Jumapili moja kwenye kanisa dogo la matope na bati. Ilikuwa baada ya mwaka 2023, Shirika la Chakula Duniani lilipopunguza mgao, na kuna nyumba zilizokuwa zimeondolewa kwenye orodha. Nilidhani kapu litapita tupu. Baada ya ibada hakuna aliyeondoka. Vijana wakatoa meza nje chini ya mti, wakapanga vitu: debe la mahindi nusu, vifungu vya lengalenga, kipande cha sabuni, papai, na kuku mmoja mweupe aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Wasio na fedha walileta walichonacho, na mnada ukaanza.

Yule kuku alikuwa wa mama mmoja aliyekaa pembeni, mikono mapajani. Mnadi, kijana mwenye kofia, alimwinua kuku juu: "Ndugu zangu, elfu tano iko wapi?" Akanunuliwa kwa elfu nane. Mnunuzi akamrudisha mezani: "Auzwe tena." Akauzwa elfu kumi, akarudishwa. Mara ya tatu baba mmoja fundi baiskeli alimchukua kwa elfu kumi na tatu. Hesabu ikawa elfu thelathini na moja kutoka kwa kuku ambaye sokoni asingefika hapo. Fundi akavuka uwanja na kumwekea yule mama kuku mapajani.

Mama akakataa. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba amekwisha kumpa Mungu na hawezi kumchukua tena. Kukawa kimya. Mzee wa kanisa akainama karibu naye: "Mama, yule uliyemtoa ameshapokelewa. Huyu ni wa baba huyu, naye anakuzawadia." Mama akafikiri. Kisha akamshika kuku kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akamshukuru fundi.

Pale majina yote yalitajwa, na bei zote zilisikika, na sikuona mtu aliyeaibishwa. Nadhani ni kwa sababu kilichokuwa kikitangazwa si nani mkubwa. Mali ilikuwa ikizungushwa mpaka kila mmoja ameigusa.

Baadaye mweka hazina alinionyesha daftari lao, la kurasa 96, jalada limefunikwa kwa gazeti. Kila nyumba ina mstari wake. Mahali pengine pameandikwa 1,000, pengine 500. Lakini kwenye mistari hiyo hiyo, kwa kalamu ile ile, nilisoma pia: tofali siku 3. Alilala msibani siku 2. Alifagia. Alichota maji ya udongo. Nilimuuliza mwisho wa mwaka wanajumlishaje siku za matofali na shilingi. Alinitazama kama vile swali langu halikuwa limekamilika. "Hatujumlishi," akasema. "Tunasoma tu, tujue nani yuko."

Niligeuza kurasa. Palikuwa na mstari wa nyumba moja uliokuwa mtupu kwa miezi mitano. Chini yake, kwa wino mwingine, mtu alikuwa ameandika: wagonjwa, tumeenda mara 4.

Miezi miwili baadaye nilirudi Nakivale kwa kazi nyingine nikapitia kanisani kwao Jumapili. Mnada ulikuwa chini ya mti ule ule. Mezani, kati ya papai na mafungu ya mboga, palikuwa na bakuli la plastiki lenye mayai saba, na yule mama alikuwa amekaa pale pale pembeni, mikono mapajani. Mnadi akainua bakuli juu na kuuliza nani anaanza. Nikanyoosha mkono.